"Pa" Bila "Tu"

Asubuhi ile, kwetu Kivu, mama alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, na kaka yangu Baraka akimtania kwamba mchi wake unaamsha kijiji kizima. Bunduki tulizijua kwa masikio. Mama ndiye aliyetufundisha: risasi ikipita juu inasema "pa", kisha bunduki yenyewe, kule iliko, inasema "tu". "Pa" inadanganya, haisemi bunduki iko wapi. Simama, ngoja "tu", ndipo ukimbie upande wa pili. Somo hilo lilituokoa mara nyingi. Sijaona mwalimu kama yeye.

"Pa" ikapita juu ya jiko.

Mama aliacha mchi. Tukangoja.

"Pa" nyingine.

"Mulale! Hii haina 'tu'!" Akaniangusha chini.

Baraka alikuwa uani. Alibaki amesimama, kichwa kimeinama upande, anasikiliza.

Ya tatu ilimpata.

Tangu hapo mama hujilaumu. "Ni mimi nilimufundisha kusimama," husema.

Miaka ikapita. Huku Louisville, Marekani, mwenzangu wa kazini, mwindaji wa kulungu, alinionyesha kiwambo cha sauti anachofunga kwenye mdomo wa bunduki ili kulinda masikio yake na ya mbwa wake. Mimi nilidhani ni kitu cha wanajeshi na wauaji tu. Alikifungua. Ndani kuna vijumba vidogo vidogo, kama ekzosi ya gari: gesi ya baruti inaingia kwa hasira, inazungushwa, inapoa, inatoka imechoka. Kazi ya akili, niliistaajabia kweli. Lakini risasi, alisema, ina kasi kuliko sauti, nayo hupasua hewa njia nzima. Mlio huo hauzimiki.

Basi asubuhi ile "tu" ilizimwa hivyo. Mama alikuwa ameligundua hilo kwa "pa" mbili tu.

Jambo hilo si la simu. Jumamosi niliendesha gari hadi Buffalo anakoishi mama, njiani Columbus nikasimama kutia mafuta tu. Mama, jikoni kwake mtaa wa Black Rock, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Donc, yaani ile 'tu' ilifungiwa mu bunduki?"

"Ndiyo, mama. Hakuna sikio lingeisikia."

"Baraka alisikiliza muzuri."

"Muzuri sana."

Alifuta macho kwa kitenge.

"Lakini alingoja," akasema. "Alingoja sababu ni mimi nilimuambia."