Kalamu ya Dale Mezani kwa Verlin

Leona Hoenig alifungua na kutengeneza kalamu za wino kwa miaka thelathini na moja katika kiwanda cha mji wao, kule Iowa, na katika miaka yote hiyo alivunja moja. Moja tu! Lakini chumba cha matengenezo kilikuwa na desturi isiyo na huruma: ukivunja kalamu, inafungwa uzi na kuning'inizwa juu ya meza yako mpaka utengeneze mia nyingine salama. Wengine walimaliza kwa wiki tatu. Leona alikaa na yake mwaka mzima, maana kila alipoikaribia mia, msimamizi wao, Verlin Stroud, alimzulia kosa na kumrudisha mwanzo.

"Mikono ya kukamulia ng'ombe hiyo," Verlin aliwaambia wageni. "Msiipe kitu chembamba."

Kiwanda kilifungwa, wote wakazeeka, chuki ya Leona ikabaki mbichi. Watu bado walimletea kalamu za wazazi wao azitengeneze, na tangu mumewe Dale afariki, kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ikimwamsha asubuhi. Lakini kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi, wastaafu walipokutana mkahawani kula mayai na kunywa kahawa, ilimbidi amsikilize Verlin akijigamba kwamba hajavunja hata moja maishani mwake. Leona alitaka avunje. Avunje mbele za watu, kabla hajafa.

Basi akachukua kalamu ya kijani ya Dale, ile ambayo mumewe aliitumia kumwandikia barua zote za uchumba. Shingo yake ilishikwa kwa gundi ya zamani ambayo joto huilainisha. Aliipasha, akasubiri, akaipasha tena, akaifungua bila mkwaruzo. Akaosha wino mkavu, akatia kifuko kipya cha mpira, akanyoosha nibu, ile ncha ya kuandikia. Kisha, mahali pa gundi ya zamani, akapaka supagluu, gundi isiyolegea kwa joto; atakayeilazimisha ataivunja kalamu.

"Dawa ya moto ni moto," akajisemea. Dale alikwisha kufa. Verlin alikuwa hai, na hilo ndilo lililomuuma.

Alhamisi ilipofika alimwekea kalamu mbele ya sahani. "Bosi, hii imenishinda. Hebu nifungulie."

"Mmesikia? Imemshinda!" Verlin akacheka, akaagiza aletewe kikausha nywele cha kuipashia.

Kwa wastaafu wale, kalamu ikifunguliwa hakuna atafunaye. Verlin akaipasha shingo, akasubiri, akazungusha kidogo. Wapi! Akarudia. Mara ya tatu vidole vilikaza mpaka vikawa vyeupe.

"Kaza, bosi," Leona alisema. "Au nguvu zimeisha?"

Watu wakacheka. Verlin akaacha kuzungusha. Akaisogeza kalamu kwenye miwani, akaikwaruza kwa ukucha pale shingo ilipoungana na kiwiliwili, akainusa, halafu akailaza mezani polepole.

"Hii haifunguki tena," alisema. "Imepigwa supagluu."

Leona akangoja tusi. Tusi angelijibu. Lakini uso wa mzee yule ulijaa huruma.

"Umekosea chupa, eh? Ni macho tu, mama. Usijilaumu. Uzee unatukuta sote."

Akikiri kwamba alikusudia, mji mzima utajua ameua kalamu ya marehemu mumewe kwa roho mbaya. Akinyamaza, ni kikongwe asiyejua gundi hii na ile. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Nilikosea chupa," alisema.

Phyllis, jirani yake wa miaka mingi, alimshika bega. Kisha akakohoa.

"Ile kalamu ya baba yangu niliyokuletea, Leona. Ulikuwa hujaigusa, sivyo?"

"Bado."

"Basi usijisumbue. Nitampa Verlin."

Leona akafungua mkoba aliobebea kalamu za watu, akaitoa, akampa. Alipoinua macho, mzee Gaylord wa upande wa pili wa meza alikuwa amekwisha kunyoosha mkono, akingoja kalamu yake naye.