Kikohozi cha Baba Mkwe

Unaniuliza, mwanangu, kama heshima ya ndoa na kazi ya ufundi vinaweza kupikwa chungu kimoja. Ngoja nikucheke kwanza. Haya, sasa kaa nikwambie. Nakumbuka asubuhi moja ya baridi kali pale Mbeya, miaka ya sabini, nikiwa nimeolewa juzijuzi tu.

Mimi Mhehe wa Iringa, na kuchomelea nilijifunzia hukohuko kwetu, karakana ya misheni. Nikaolewa na Asajile, Mnyakyusa. Kwa Wanyakyusa wa wakati ule, mke hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami, hamsemeshi, hata jina lake halitamki. Naye mzee, akikaribia mahali, hukohoa ili mkwe apate nafasi ya kujificha. Mama mkwe alinifundisha hayo, nami nikayashika kuliko wenyeji. Si unajua mgeni anavyotaka kusifiwa!

Basi, kulikuwa kunajengwa kiwanda cha maziwa, wakatafutwa mafundi wa kuchomelea mabomba ya stenlesi, chuma kisichoshika kutu, kwa tigi, ule moto wa umeme unaokingwa na gesi. Bila cheti huingii. Nilikitaka kile cheti mpaka nakiota. Kila mmoja wetu alipewa mabomba mawili ya mtihani: la kwanza likiharibika unalo la pili, la pili likiharibika rudi nyumbani ukasonge ugali. Na stenlesi haitaki mchezo. Unaziba ncha za bomba, unajaza gesi ya agoni ndani, maana chuma kile cha moto kikiguswa na hewa huota magamba meusi, na maziwa yakipita hapo hunata na kuoza. Mkono nao uende taratibu, kama unamlisha mtoto uji wa moto.

Siku ya mtihani, ndani ya karakana ya kiwanda, nikashusha helmeti, uso wote ukafunikwa, nikaanza kuunga bomba la kwanza. Mshono ulikwenda vizuri, nakwambia! Mara mlangoni: "Khhm! Khhm!"

Ala! Kikohozi kile nilikijua. Baba mkwe alikuwa ametoka Tukuyu kwa basi na ndizi zake mbivu, akasikia niko kwenye mtihani, akaja kuulizia habari. Mimi huyo, nikabwaga tochi ya kuchomelea, nikajirusha nyuma ya mitungi ya gesi, nikachuchumaa. Mshono ukapata ufa palepale nilipouachia.

Mtahini, mtu mpole, aliduwaa. "Dada, umeungua?"

"Sijaungua," nikanong'ona. "Mkwe amekuja."

Karakana nzima ikaangua kicheko, na mimi machozi yananitiririka. Bomba la kwanza limekufa. Nikajisemea, bora nikose cheti kuliko kumvunjia mzee heshima. Wanasema mshika mawili moja humponyoka, nami nikawa nimeshachagua la kuponyoka.

Baba mkwe akaelewa kilichotokea. Kunisemesha? Thubutu! Aliusemesha mtungi wa gesi.

"Wewe mtungi," akasema kwa ukali, "mwambie mama wa nyumba ya Asajile hivi. Nimekohoa ajue nipo. Sikukohoa ili aache kazi. Kwani ile kofia si inamfunika uso wote? Aishushe, amalize. Mimi naugeukia ukuta. Heshima si utumwa, mtungi. Mwambie hivyo."

Akageuka kweli. Akasimama na kapu lake la ndizi mkononi, pua karibu iguse ukuta, muda wote nilipokuwa nachomelea bomba la pili. Mwanangu, niliimba chini ya helmeti ile! Furaha ilinijaa, na mkono haukutetemeka hata kidogo.

Bomba lilipopoa, mtahini akalikata kwa msumeno, akachungulia ndani. Mshono ulikuwa laini, unang'aa, hauna gamba hata moja. Akanipa mkono. "Umefaulu, dada."

"Mtungi," mzee akaita, bado yuko ukutani, "anasemaje? Amefaulu?"

Kwa mdomo nisingeweza kumjibu. Nikachukua kipande cha bomba langu nikakigonga kwenye meza ya chuma: ngo! ngo! ngo! Mzee akarusha kofia yake juu. "Ndaga fijo!" akashukuru kwa Kinyakyusa, akaanza kucheza huku ameupa ukuta uso. Kisha akaweka kapu chini. "Mtungi, ule hizi na mkwe wangu," akasema, akatoka bila kugeuka nyuma. Tulizila palepale, mtahini naye hakujivunga.

Sasa nakwambia waziwazi. Ukiolewa, shika mila za watu wa huko, usizidharau. Lakini usizitie ukali ambao wenyewe hawakuutia. Kabla hujaitupa kazi yako kwa ajili ya heshima ya mtu, muulize kama ndivyo anavyotaka, kuuliza si ujinga. Ikibidi, muulize kupitia mtungi. Mimi karibu nimtolee mzee yule sadaka ambayo hakuiomba, na ingemuumiza kuliko mimi.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mkono usiotetemeka, na akupe watu watakaougeukia ukuta ili wewe umalize mshono wako.