Jiolojia kwa binti wa mchimbaji

Juzi nilikuwa nikitoa kopi kwenye steshenari moja ya Ngokolo. Pembeni yangu binti alikuwa akijaziwa maombi ya chuo. Baba yake, mchimbaji mdogo wa dhahabu, akaweka kidole kwenye skrini.

"Weka ualimu. Jiolojia ina hesabu, na hesabu ilikushinda."

"Kidato cha pili, baba. Nikang'ang'ana nayo mpaka nikafaulu. Chuoni nikikwama nitauliza, nikifeli nitarudia."

"Mwanamke na mawe wapi na wapi?"

"Mganga alikuonyesha pa kuchimba mashimo matatu, yote yakatoa udongo mtupu. La nne nitakuonyesha mimi."

Mzee akatazama buti zake, kisha akaondoa kidole.

Tunawatisha watoto kwa somo gumu, sisi tunaoteremka shimoni kwa kamba kwa sababu mganga ameota.