Kilichoondolewa Ungoni

Harufu ya mlenda mkavu sokoni hunirudisha kwenye ungo wa mama. Yeye alianikia mlenda humo. Alipomfuata baba kaburini, sisi wanawe watatu tukapanga humo vitu vya mchezo. Mchezo huo nilifundishwa na mwalimu wa maigizo kabla sijaacha shule: unavitazama vitu, unafumba macho na kuziba masikio, kimoja kinaondolewa, nawe unaigiza kinavyotumika.

Siku ya kuanua tanga la mama, ndugu walikaa ndani kutugawana. Niliwachezesha wadogo zangu wawili uani, wasisikie.

"Dada, umeficha mwiko!" kitindamimba alicheka, akisonga ugali hewani. "Rudia! Sasa ondoa kigumu."

Akafumba macho, akaziba masikio. Baba mdogo akatoka ndani, akamshika mkono mdogo wangu wa kati.

"Huyu nakwenda naye Kibakwe."

"Niachie, baba mdogo. Nitawalea mwenyewe."

"Utawalisha nini, mwanangu?"

Akaondoka naye. Mtoto hakulia, alinigeukia mpaka walipopinda kona.

Nikamgusa kitindamimba bega. Alifumbua macho, akaukagua ungo taratibu, kitu kimoja kimoja.

"Dada, mbona vyote vipo?"