Modeli Iliyopatia Siku Tisa kati ya Kumi

Eliana Ntakirutimana anafundisha hisabati katika shule yetu ya sekondari hapa Rumonge, na mimi nafundisha jiografia katika darasa la jirani. Sote wawili tulizaliwa katika kambi ya wakimbizi, upande wa Kigoma, mbali na maji, tukarudi Burundi tukiwa wakubwa. Nayasema haya mapema ili mtu asije akatucheka sana huko mbele. Watu wanatuita wa ziwani, lakini ziwa tumelijulia ukubwani.

Mwaka jana aliona tangazo kwenye simu. Chuo kimoja cha Ulaya kilitafuta watafiti wa modeli mseto za akili mnemba: nafasi mbili za uzamivu, na moja ya mtu aliyekwisha kumaliza uzamivu. Alinieleza mambo hayo kwa chaki juu ya meza ya walimu, mkuu wa shule akitutazama vibaya. Modeli ya kawaida unailisha tarakimu nyingi, ikajifunza yenyewe. Ya mseto unaichanganyia na yale ambayo watu wanayajua tayari, kwa mfano namna upepo wa kusini unavyokoroga maji wakati wa kiangazi. Nikamwambia kumbe ni kumkalisha anayekariri dawati moja na anayeelewa. Alicheka, ingawa sidhani kama nilikuwa nimepatia.

Kulikuwa na sharti moja. Mwombaji awe amepata shahada ya uzamili ndani ya miaka mitano iliyopita. Yake ilikuwa inatimiza mitano mwezi wa sita.

"Hii nikiikosa, Revokatus, basi," aliniambia. Alisema taratibu, na mimi nikajisikia vibaya, maana hakuwa mtu wa kulalamika.

Kila mwombaji alitakiwa kutuma modeli ndogo aliyoitengeneza mwenyewe kwa takwimu za kwao. Eliana akaamua kutabiri mavuno ya ndagala, wale dagaa wa ziwani. Huko Minago, kijiji cha wavuvi, alimfahamu Mushagalusa, mzee aliyevuka kutoka Kivu ya Kusini na ambaye kwa miaka tisa amekuwa akiandika kila mtumbwi umerudi na makasha mangapi. Hakuna aliyemtuma. Anasema alianza kwa sababu wenzake walikuwa wakidanganyana. Eliana aliyabeba madaftari yake yote kwa mfuko wa unga, akakaa wiki sita anaingiza tarakimu kwenye kompyuta baada ya vipindi.

Modeli ilipokamilika, ilipatia siku tisa kati ya kumi. Tisa! Mimi ninayefundisha utabiri wa mvua na kuaibika kila msimu nilipiga meza. Nilimwambia aanze kufunga sanduku.

Jumanne, siku tatu kabla ya mwisho wa kupokea maombi, tulikwenda Minago kwa pikipiki kurudisha madaftari na kumshukuru mzee. Tulimkuta kwenye vichanja, anageuza ndagala juani. Eliana alimwonyesha mchoro wa modeli uliochapishwa kwenye karatasi: mstari unapanda, unashuka mpaka chini kabisa, unapanda tena, kila mwezi hivyohivyo. Mzee alipangusa mikono, akauangalia kwa muda mrefu. Akauliza haya mashimo ni ya nini. Eliana akamjibu kwamba siku hizo samaki hawakuwepo, daftari lenyewe limeandikwa kistari badala ya idadi, naye akaweka sifuri.

Mushagalusa akakaa chini kwanza.

"Mwalimu, mustari haiko zero," alisema. "Mwezi ikiwaka sana, lampe haina kazi, samaki haikuje ku mwangaza. Basi hatuendeke ku maji, tunashona nyavu. Samaki iko. Ni sisi hatuko."

Kila mtoto wa Minago analijua hilo. Mwalimu wa jiografia, miaka kumi na miwili kando ya ziwa hilohilo, hakulijua. Eliana alinitazama, nikajifanya naangalia vichanja.

Tuliporudi Rumonge tu, Eliana akaanza upya. Aliondoa siku zote za mistari, akaandika kanuni ya mwezi kwa mkono wake ndani ya modeli, akaiacha mashine ijifunze kwa siku zile tu ambazo watu walikwenda majini. Alhamisi mchana akaniita. Modeli mpya ilipatia siku sita kati ya kumi.

Nilikasirika. Mimi hasira zangu ziko karibu, na siku hiyo zilikuwa karibu zaidi. Nilimwambia atume ile ya kwanza. Nani huko Ulaya anajua kwamba watu wa Minago hushona nyavu mwezi ukijaa? Tarakimu alizitoa daftarini, hakuzitunga. Wataona tisa, watafurahi, yeye ataondoka, na hilo jambo la mwezi atalirekebisha akiwa huko, ana kompyuta za maana na mshahara. Niliongea sana. Nilimwambia hata kwamba kutuma sita ni kujivunia umaskini.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Ijumaa akatuma ile ya sita, pamoja na ukurasa mmoja wa kueleza kosa lake na jina la mzee aliyemsahihisha. Wiki nzima tuliamkiana tu.

Mwezi mmoja baadaye walimwita kwa mahojiano ya video. Ofisi ya mkuu wa shule ndiyo yenye mtandao wa uhakika, kwa hiyo nikaombwa kukaa mlangoni ili asiingie mtu. Nilisikia kila kitu. Mama mmoja profesa alimuuliza kwa Kifaransa, bila ukali wowote, kwa nini aliacha modeli inayopatia tisa akaleta inayopatia sita.

Nikasikia Eliana akivuta kiti karibu na meza.

"Ile ya kwanza ilikuwa inajua mwezi unawaka lini, basi," alisema. "Kuhusu samaki haikujua chochote. Hii inajua kidogo."

Wakaendelea na maswali mengine, nami sikuyafuata vizuri. Nilikuwa nimesimama mlangoni na aibu yangu.

Barua ilikuja baada ya wiki tatu. Wamempa nafasi ya uzamivu, miaka minne. Aliisoma kwenye korido kati ya kipindi cha tatu na cha nne, akanipa simu niisome na mimi, akajifuta macho kwa kiganja, akaingia darasani kwa sababu kengele ilikuwa imelia. Nilifurahi, Mungu anajua. Na nilimwonea wivu, hilo nalo nalisema.

Aliondoka mwezi wa tisa uliopita. Ananipigia Jumapili, ananieleza baridi, wenzake, modeli ambayo sasa inapatia siku saba. Tunataniana kama zamani. Yale niliyomshauri siku ile ya Alhamisi hajayagusa hata mara moja, hata kwa utani. Afadhali angeyagusa.