Nilipiga marufuku shukrani ndogo ndogo kwenye shirika letu, tumbo likanitia adabu

Habari za humu, wakuu.

Ninayoandika yamenipata mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi. Ushahidi wa picha sina, na mkifika katikati mtafurahi kwamba sina. Aliye mezani amalize kula kwanza.

Naandika kutoka Goma, mtaa wa Mabanga. Najua wengi mnatusikia kwa habari mbaya tu. Leo nimewaletea habari ya tumbo.

Mimi ni karani kwenye ofisi moja ya kusafirisha mizigo. Kazi yangu ni kupiga mihuri, na mtu akipiga mihuri miaka kumi na tano huanza kuamini kwamba hakuna kitu duniani kinachopita bila idhini yake.

Ugonjwa huo niliupeleka mpaka kanisani.

Sisi Wakatoliki wa huku tuna shirika. Nyinyi wa huko mnaita jumuiya, zile familia chache za jirani zinazosali pamoja nyumbani kwa zamu. La kwetu linakutana Jumamosi alasiri, na mimi ndiye sekretere. Nashika daftari, naandika mahudhurio, natazama saa.

Baada ya Injili kuna muda wa shukrani. Mwenye jambo anasimama, anamshukuru Mungu, tunaimba ubeti mmoja, anakaa.

Sasa kuna mama mmoja, Mama Nabintu. Anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Huyu mama alikuwa anasimama kila Jumamosi, na sikilizeni alichokuwa anashukuru (kwa Kiswahili chetu makala ni mkaa, robine ni bomba, na mbele ni kabla):

"Namushukuru Mungu, makala yangu ilinyeshewa na mvua lakini iliwaka."

Ubeti.

"Namushukuru Mungu, maji ilikuja ku robine mbele nitoke ku soko."

Ubeti.

"Namushukuru Mungu, kiatu yangu ya kushoto ilikuwa inataka kupasuka, na bado inatembea."

Wakuu, ubeti mzima wa wimbo mtakatifu kwa ajili ya kiatu! Cha kushoto!

Nilivumilia mwaka. Halafu Jumamosi moja nikasimama na daftari langu nikatoa hotuba kuhusu utaratibu. Nikapendekeza kwamba kuanzia siku hiyo shukrani za hadharani ziwe za mambo makubwa: ndoa, ubatizo, diploma, kazi, kupona ugonjwa mzito. Madogo madogo kila mtu amalizane na Mungu nyumbani kwake.

Muongozi wetu, Papa Deo, ni mtu mpole asiyependa ugomvi. Akasema sawa. Watu wote wakamtazama Mama Nabintu.

"Aksanti, sekretere," akasema, akakaa.

Hakusimama tena. Sala yetu ikapungua dakika ishirini, na mimi nikajiona nimelitendea Kanisa jambo kubwa.

Mke wangu hakufurahi. Tukiwa njiani kurudi akaniuliza:

"Papa Aline, ulimufunga mama wa watu kinywa. Na weye, siku gani ulisimama kushukuru?"

Jibu lilikuwa aibu. Sijawahi. Nilikuwa nasubiri jambo langu kubwa. Ofisini nafasi ya mkuu wa huduma ilikuwa wazi, na mimi nilijiona nimeshaikalia. Hotuba ya shukrani nilikuwa nimeshaiandika kwenye simu, yenye utangulizi, sehemu tatu na hitimisho. Ilikuwa inamngoja Mungu atimize wajibu wake.

Turudi kwenye tumbo.

Kama miezi miwili baada ya sheria yangu, niliamka na maumivu upande wa kulia, chini. Nikasingizia sombe, yaani kisamvu, la jana yake. Nikanywa tangawizi. Kesho yake nikanywa tangawizi kali zaidi, nikaenda kazini nikapiga mihuri huku nimejikunja. Mke wangu akisema twende hospitali, mimi namjibu kwamba wanaume wa kwetu hawalazwi kwa sababu ya sombe.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Siku ya tatu walinibeba.

Ilikuwa apandisi, kidole tumbo, na ilikuwa imeshapasuka.

Nilipoamka baada ya operesheni, daktari alisimama miguuni pangu, dada mmoja kijana mwenye sauti ya upole.

"Papa, yote ilienda muzuri. Lakini hakuna kula, hakuna kunywa, mpaka gazi ipite."

"Gazi gani, docteur?"

Akatazama faili. Muuguzi ndiye aliyenisaidia:

"Ya chini, papa."

Kwa wasiojua, na mimi sikujua: ukipasuliwa tumbo, matumbo hulala. Dalili kwamba yameamka ni moja tu, na haina jina la heshima. Ni kujamba, wakuu. Nimelisema.

Wodi yetu ilikuwa na wanaume sita, wote tumepasuliwa. Kila asubuhi muuguzi alipita kitanda kwa kitanda, mbele ya wake zetu na wageni, akiuliza: "Gazi?" Aliyejibu ndiyo alipigiwa makofi. Palikuwa na msukuma chukudu (ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo) mmoja kutoka Munigi, jamaa mwenye mabega kama mlango, alifaulu siku ya pili. Alipewa uji wake saa hiyo hiyo, akaunywa polepole huku anatutazama mmoja mmoja.

Siku ya kwanza nilicheka. Mimi ni mtu wa heshima, nyumbani nimewahi kumfukuza mwanangu mezani kwa kosa hilo hilo.

Siku ya pili sikucheka.

Siku ya tatu tumbo likavimba, likakaza kama ngoma. Nikatapika maji ya kijani. Wakanipitishia mpira puani mpaka tumboni, na kiu ikanishika nikawa natazama chupa ya serumu kwa wivu, maana yenyewe ilikuwa na maji.

Siku ya nne asubuhi daktari alikaa kitandani kwangu. Daktari akikaa, wakuu, jueni kuna neno.

"Tutangoja mpaka kesho asubuhi. Gazi isipopita, tutafungua tena."

Kwenye kitanda cha dirishani alikuwepo mzee mmoja ambaye alifunguliwa mara ya pili mapema juma lile. Kitanda chake kilitandikwa shuka mpya siku hiyo hiyo, na sisi wengine hatukuuliza.

Niliogopa kufa. Nasema wazi. Mke wangu alikuwa ananishika mkono, na mimi nikawa nafikiri ni nani atapata ujasiri wa kumwambia binti yangu Aline kwamba baba yake amekufa kwa kukosa upepo.

Nikajaribu kusali. Hapo ndipo nilipokwama vibaya.

Nilianza vizuri: "Ee Mwenyezi Mungu, uliyeumba mbingu na nchi, unijalie..." Nikasimama. Unijalie nini? Nilitafuta neno la Kanisa kwa hilo jambo, sikulipata. Nikaona haya. Mungu aliyeumba mbingu na nchi nimsumbue kwa ushuzi? Nikaomba "afya njema" kwa jumla, nikaishia hapo.

Alasiri, saa ya wageni, shirika likaja. Watu watano, na Papa Deo mbele na rozari yake.

"Sekretere, tukuombee nini?"

Nikajibu kupitia ule mpira, kwa heshima zote: "Afya njema tu, muongozi."

Mficha uchi hazai, lakini mimi nilikuwa tayari kufa na uchi wangu nimeuficha. Basi Papa Deo akaomba afya njema. Akaombea na wagonjwa wote, waganga wote, askofu, amani ya nchi na mavuno. Sala nzuri sana. Haikugusa utumbo hata kidogo.

Wakati huo Mama Nabintu alikuwa pembeni na mke wangu.

"Muganga anasema nini?"

Mke wangu akamnong'oneza. Mama Nabintu akatikisa kichwa, akaja mpaka kitandani, akaweka mkono juu ya shuka. Mkono unanukia sambaza.

"Baba," akasema kwa sauti ya sokoni, "huyu mutoto wako anaomba kujamba. Weye njo uliumba matumbo, unajua njia yake yote. Fungua tu ile njia. Hatuombi mingi. Kamoja tu, hata kadogo. Amina."

Papa Deo akashika rozari kwa mikono miwili. Kitanda cha jirani kikaanza kutikisika kwa kicheko, halafu kingine. Msukuma chukudu alikuwa anacheka huku anashika mshono wake, analia "mama, mama, inauma."

Mimi niligeukia ukutani. Niliona amenianika. Nikafikiri: huyu mama analipiza.

Na haikutoka, wakuu. Najua mlidhani itatoka hapo. Wakaaga, wakaenda, tumbo kimya.

Lakini walipoondoka nikabaki na ile sala masikioni. Nikajua kwamba ni yeye peke yake aliyeomba kitu nilichokuwa nakihitaji. Nikafumba macho nikaisema na mimi, kwa maneno yake yale yale: Baba, naomba kujamba. Mara ya kwanza maishani mwangu nilimwambia Mungu kitu bila utangulizi. Machozi yakanitoka.

Nikafungua macho. Amesimama mkuu wangu wa kazi, na suti yake, na mfuko wa machungwa ambayo nisingeweza kuyala.

Akasalimu. Akaketi. Akakohoa.

"Papa Aline, nilitaka uisikie kwangu mbele uisikie ku midomo ya watu wa ofisi. Ile nafasi ya mukubwa wa huduma... direction iliiweka mutu mwingine."

Na saa ile ile, wakuu, kitu kikasogea.

Chini upande wa kushoto. Kikakunguruma. Kikasimama. Kikaendelea. Nikainua mkono kama askari wa barabarani. Mkuu akadhani nimeshtuka.

"Usihuzunike, papa. Nafasi zingine zitakuja—"

Ikatoka.

Sitaieleza. Niseme tu kwamba haikuwa kadogo kama tulivyoomba.

Mke wangu akaruka: "Aksanti Yesu!" Wodi nzima makofi. Msukuma chukudu akapiga mbinja. Muuguzi akaja mbio kutoka mwisho wa korido akidhani kuna aliyeanguka. Na mimi nalia kwa sauti, nacheka, mshono unanichoma, namshika mkuu wangu mkono nikirudia, "Aksanti, chef, aksanti!"

Mtu wa watu amekuja kuniambia nimekosa cheo, nimemjibu namna ile, halafu namshukuru. Aliweka machungwa kwenye meza akatoka bila kuaga. Mpaka leo ofisini inasemwa kwamba niliujibu uamuzi wa wakubwa papo hapo na kwa kauli moja.

Jioni ile nilipewa vijiko vitatu vya uji bila sukari. Sijawahi kula kitu kama kile. Cha nne nilikiomba kama mtoto, nikanyimwa.

Majuma matatu baadaye nilirudi shirika nikitembea kwa fimbo. Ulipofika muda wa shukrani, nikasimama. Ile hotuba ya kwenye simu nilishaifuta. Nikamwomba Mama Nabintu msamaha mbele ya watu, nikasema ile sheria ilikuwa ya kipumbavu na mwenye kuitunga ni mimi. Halafu nikasema: "Namshukuru Mungu, nilijamba."

Papa Deo akatazama dari. Akina mama wakaimba ubeti wenye nguvu kuliko wote wa mwaka huu.

Nikamwambia Mama Nabintu, sasa ni zamu yako.

Akasimama. "Sikuacha kushukuru, sekretere. Nilikuwa nashukuria ku nyumba. Lakini iko mingi, sijui kama saa itafika."

Tukamwambia aseme tu. Akaanza: mvua iliyongoja mpaka akaanua nguo. Jirani aliyemrudishia beseni. Jino lililoacha kuuma. Tukawa tunaimba baada ya kila moja. Nilitazama saa mara mbili, naungama.

La mwisho alilisema taratibu.

"Na siku moja, ile juma sekretere alitufunga kinywa, muzee yangu aliita jina yangu."

Akakaa.

Wakuu, mumewe aliangushwa na kiharusi mwaka juzi. Tangu hapo hakuwahi kutoa neno linaloeleweka. Mimi kwenye daftari nilikuwa nimemwandika: mgonjwa, hahudhurii. Sikuwahi kwenda kumwona, na viwanja vyetu vinatenganishwa na ukuta wa mawe tu. Siku mume wake alipomwita jina, huyu mama hakuwa na mahali pa kulisema, kwa sababu yangu.

Ubeti ule ni mimi niliyepaswa kuuanzisha. Nikainamia daftari. Papa Deo akaanzisha.

Nilichojifunza ni hiki: nilikaa miaka nikimngoja Mungu anitendee jambo, na wakati wote huo alikuwa anatenda tangu alfajiri, mimi sijui kutazama. Imani ya yule mama niliiita kelele, kumbe ndiyo iliyokuwa imembeba yeye na mgonjwa wake ndani ya nyumba.

Msidhani nimekuwa mtakatifu. Jana umeme ulikatika nikanung'unika kama kawaida. Ila kila asubuhi nikiwa chooni nasema "aksanti" kwa sauti, na mke wangu anaitikia "amina" kutoka jikoni. Jumapili baada ya misa naenda kukaa na yule mzee upande wa pili wa ukuta. Mimi bado hajaniita jina. Nangoja.

Haya wakuu, mwenye kunicheka anicheke, nimeshazoea. Lakini kabla ya kucheka, andika hapo chini kitu kimoja kilichokuendea vizuri leo tangu uamke. Nitasoma vyote.