Sheria ya Nne ya Lango Letu

Mimi ni mtu wa kukasirishwa na vitu vidogo. Gari likiegeshwa limekanyaga mstari, siku yangu imeharibika. Kwa hiyo majirani zangu hapa Loresho, nyumba kumi na mbili nyuma ya lango moja, walipotafuta katibu, hawakutafuta mbali. Nilikaa mezani Jumamosi nzima nikaandika sheria za kuegesha magari, ya kwanza hadi ya saba, nikazipigisha chapa na kutia sahihi yangu chini. Ubao ukatundikwa langoni, pale mlinzi anapoweka kitabu cha wageni.

Niliyojivunia zaidi ni ya nne. Ilisema hakuna trela, lori wala gari bovu litakalowekwa ndani ya lango letu, isipokuwa likiwa ndani ya gereji iliyofungwa. Hilo la gereji liliongezwa kwa ajili ya mwenyekiti wetu, ambaye alikuwa na trela ya kubebea pikipiki zake za mashindano. Sheria yenyewe, tuseme ukweli, ilimlenga mtu mmoja: jirani wa nyumba ya tisa, mwalimu mstaafu kutoka upande wa Kakamega, mwenye katrela kake kenye kutu ka kubebea miche. Aliusoma ubao, akanisalimu kwa adabu kama siku zote, na baada ya wiki moja trela ikawa haipo. Sikumwuliza ilikokwenda. Nilifurahi tu kuona lami iko wazi.

Mama yangu anaishi Kabiria, kwenye ploti ileile niliyokulia. Yeye ndiye mwenyekiti wa chama cha wamama wa kanisa lao, na mali kubwa ya chama hicho ni trela: ndani mna mahema mawili, viti mia moja vya plastiki, na sufuria mbili ambamo mtoto anaweza kuogea. Msiba ukiingia kwa mtu, kabla jamaa hawajamaliza kupigiana simu, trela hiyo huwa imeshafika. Mama husema hema likisimama, mfiwa anajua hayuko peke yake na wanaokuja wanajua pa kukaa. Miaka yote trela ililala uani kwake. Kisha ndugu yangu akajenga vyumba vya kupangisha hadi kwenye ua, na ikakosa hata pa kugeukia.

Mama akanipigia simu. Hakuzungukazunguka.

"Huko kwako kuna nafasi, na kuna askari kwa geti. Tuwekee hii trela yetu. Tukiihitaji tunakuja kuchukua."

"Mama, huku hawakubali," nikamwambia. "Kuna sheria."

"Sheria ya serikali?"

"Ya hapa kwetu tu."

Akauliza bila hasira, kama mtu anayetaka kujua kweli, "Huyo mwenye aliandika hiyo sheria, hana mama?"

Nikacheka, nikasema nitaona. Sikumwambia ni nani aliyeiandika. Wala sikumtajia gereji, kwa kuwa gerejini mwangu mlikuwa na gari langu, nalo lilikuwa bado jipya, na mijakaranda ya huku huangusha maua yanayonata kwenye rangi. Sikusema uongo. Niliunyamazia ukweli tu, na wakati huo niliona kwamba hayo ni mambo mawili tofauti.

Trela ikawekwa nje, kando ya barabara ya Kabiria, ikafungwa kwa mnyororo kwenye nguzo ya geti la mama na kufunikwa turubai. Mama akaacha kwenda maombi ya Jumatano kwa kuogopa kuiacha bila mtu wa kuitazama. Alinieleza hayo kwenye simu kama habari tu, si lawama. Mvua za masika zilipoanza, turubai likapasuka mahali ambapo hakuna aliyepaona.

Tulipajua pale mmoja wa wamama alipofiwa na mumewe. Nilikwenda kutoa pole. Hema lilipokunjuliwa, harufu ya ukungu ilitangulia, kisha tukaona madoa meusi kila mahali, mengine makubwa kama sahani. Wamama wakaleta maji ya sabuni na matambara, wakaanza kupangusa huku wageni wamesimama. Mfiwa mwenyewe alikuwa mlangoni, akingoja apate pa kuwaketisha shemeji zake waliotoka safari ndefu. Mama hakunitazama hata mara moja. Niliona aibu, aibu ya kweli ya kufanya masikio yapate moto. Nikachukua tambara, nikapangusa na wenzangu mpaka mikono ikanuka. Na bado jioni ile nilirudi Loresho nikaliingiza gari gerejini kama kawaida.

Jumapili chache baadaye mama alikuja kwangu kula chakula cha mchana. Siku nyingine zote mimi humwendea kwa gari, na mlinzi hutupungia mkono tukapita. Siku hiyo aliletwa na mtu wa kanisani kwao, akashushwa nje. Nilitoka kwenda kumpokea, nikamwona kwa mbali amesimama mbele ya ubao.

"Shosho, andika tu jina hapa kwa kitabu," mlinzi alikuwa akimwambia, kama mtu anayeongea na bibi yake. "Si kwa ubaya, ni sheria."

Mama alishika kalamu lakini hakuandika. Alikuwa amevaa miwani, na kidole chake kilikuwa kinafuata mstari baada ya mstari, kama afanyavyo na kitabu cha nyimbo. Alikaa sana kwenye ule wa nne. Kisha akashuka hadi chini kwenye sahihi. Herufi ya kwanza ya sahihi yangu ina mkia mrefu unaorudi nyuma, na mkia huo hakunifundisha mwalimu yeyote. Alinifundisha yeye, mezani Kabiria, kabla sijaanza shule. Akainama, akaandika jina lake kitabuni kwa mkia uleule.

Mezani aliombea chakula na kuisifu kabeji. Nilikuwa nimeanza kupumua aliposema, "Gereji yako iko na nini?"

"Gari, mama."

"Inaogopa mvua?"

Nina miaka hamsini na miwili. Nikasema, kama mtoto, nitalitoa.

Jumamosi iliyofuata trela ikaja, ikivutwa na pikapu ya kanisa. Kuiingiza gerejini kwa kinyumenyume kukamshinda dereva. Kila akijaribu, trela inakunja upande wake. Mwalimu wa nyumba ya tisa akatoka na kandambili zake, akaomba usukani.

"Hii kitu ni kinyume," akamwambia dereva. "Ukitaka iende kushoto, wewe peleka usukani kulia."

Ikaingia mara moja. Aliposhuka, nilijikaza nikamwambia samahani kwa ile trela yake. Kwamba ningepaswa kumkumbusha kuwa sheria inaruhusu gereji.

"Madam, namba nne niliisoma mpaka mwisho," akasema. "Lakini kwangu, gereji ndiyo analala mama mkwe."

Alisema hivyo kama mtu anayetaja saa. Miaka miwili nilikuwa nikiliona pazia kwenye dirisha la gereji ile, na kila mara nilijiuliza ni mtu gani huyu anayetundika pazia gerejini.

Nilipofunga mlango, gari langu lilikuwa nje, limeshapata maua mawili kwenye kioo. Mama alikuwa amesimama kando muda wote, mkoba mkononi.

"Siku ile nilikuuliza kama huyo wa kuandika sheria hana mama," akasema.

"Uliuliza, mama."

"Kumbe ako naye." Akanyoosha mkono. "Haya, nipe ufunguo moja ya gereji nikae nayo."